Daino imetoa namba usiyoielewa: dalili, chanzo na namna ya kukitafuta

Gari limeshuka kwenye rola za daino, mashine ya kupima nguvu ya gari, feni zimezimwa, na karatasi mkononi inasema farasi 268. Wewe ulitarajia 340. Turbo mpya, intakula (kipoza hewa ya turbo) kubwa, bomba la moshi la inchi 3, kompyuta ya injini imeandikwa upya, halafu 268. Swali linalokujia kwanza ni "nini kimeharibika?" Naomba ulisogeze pembeni kidogo. Mara nyingi hakuna kilichoharibika kwenye gari. Kilichokosewa ni kuisoma karatasi, au namna gari lilivyopimwa.

Mimi hufuata mpangilio mmoja bila kuuruka: karatasi kwanza, kipimo pili, gari mwisho. Kuisoma karatasi upya ni bure. Kulifunga gari upya na kurudia raundi (kipimo kimoja kamili kwenye rola) ni kazi ya saa moja. Kufungua injini kutafuta tatizo ambalo halipo kunaweza kukuachia tatizo ambalo kweli halikuwepo. Niliwahi kubadilisha pampu nzima ya mafuta kwa sababu ya shimo kwenye grafu, na shimo likabaki palepale. Tairi ndilo lililokuwa linateleza kwenye rola. Data ya kuonyesha hivyo nilikuwa nayo tangu asubuhi, sikuitazama.

Karatasi inasema nini hasa

Anza na kizio. Nguvu ya farasi ya Kiingereza, hp, ni wati 745.7. Ile ya kimetriki, inayoandikwa PS kwenye magari mengi ya Ujerumani na Japani, ni wati 735.5. Kwa hiyo PS 300 ni sawa na hp 296, au kilowati 221. Hapa tofauti ni ndogo, lakini ikijumlishwa na nyingine zinazofuata inakua.

Kisha uliza nguvu hiyo imepimwa wapi. Kiwanda hutangaza nguvu ya injini kwenye kranki, yaani shafti inayotoka ndani ya injini. Daino ya rola hupima kinachofika magurudumuni, baada ya giaboksi, shafti, difu na tairi kuchukua sehemu yao. Programu nyingine huongeza makadirio ya hasara hiyo na kuchapisha "nguvu ya injini", na neno hilo huwa limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Watu wawili wenye magari yanayofanana wanaweza kubishana mwezi mzima kwa sababu mmoja ana namba ya kranki na mwenzake ana ya gurudumu.

Cha tatu ni marekebisho ya hali ya hewa. Injini inapumua, na hewa ya leo si ya jana, hivyo programu huzidisha matokeo kwa kizidisho ili siku zote zilingane. SAE J1349, kiwango cha chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, hurudisha matokeo kwenye hewa ya nyuzi 25 za Selsiasi na shinikizo kavu la kilopaskali 99. Kile kinachoandikwa STD hutumia hewa baridi na nzito zaidi: nyuzi 15.6 na kilopaskali 101.3. Raundi ileile, gari halijaguswa, ukibonyeza STD badala ya SAE namba itapanda kwa hadi takriban asilimia 4. Kwenye gari la farasi 300 hizo ni farasi 12, kiasi ambacho watu hununulia vifaa. Kama karatasi haitaji marekebisho yaliyotumika, mwombe mwendeshaji aichapishe tena ikiwa na jina la marekebisho na thamani ya kizidisho.

Mwisho, ona mstari umelainishwa kiasi gani. Daino za Dynojet, kwa mfano, zina ngazi za kulainisha kutoka 0 hadi 5. Mstari uliolainishwa sana ni mzuri machoni, lakini umefuta ushahidi tutakaouhitaji hapa chini.

Dalili: namba iko chini ya ile ya kiwandani

Gari likiwa halijarekebishwa, hii kwa kawaida si dalili ya ugonjwa. Ni hasara ya mfumo wa kuendesha magurudumu. Kanuni ya "ongeza asilimia 15" imeenea mno, na imepotosha wengi. Sehemu ya hasara hiyo hutegemea kasi tu: mafuta mazito yanayokorogwa ndani ya giaboksi, beringi, tairi linalobonyea kwenye rola. Sehemu nyingine hukua kadiri meno ya gia yanavyobeba mzigo. Gari lililokuwa likipoteza farasi 40 likiwa la kawaida halitapoteza 80 ukiiongezea injini nguvu mara mbili. Ukigawa kwa 0.85 kwenye gari lililorekebishwa sana, unaipa injini farasi ambao haijawahi kuwatoa. Ushauri wangu ni kuacha kubadilisha namba kabisa. Linganisha gurudumu na gurudumu.

Hata hivyo daino imewahi kuwaumbua watengenezaji wenyewe. Ford Mustang SVT Cobra ya 1999 ilitangazwa kuwa na hp 320. Wamiliki wakapeleka magari kwenye daino na namba hazikufika pale zilipopaswa, hata ukitoa hasara zote. Ford ilisimamisha mauzo mwaka huohuo na kuyaita magari yarudi ili yabadilishiwe sehemu za njia ya hewa na moshi pamoja na mpangilio wa kompyuta. Upande wa pili ipo Toyota Supra mpya iliyoanza kuuzwa 2019. Marekani ilitangazwa kuwa na hp 335, na majaribio huru ya daino yakaonyesha kiasi kinachokaribia hicho magurudumuni, jambo lisilowezekana kama tangazo lilikuwa la kranki kamili. Kwa hiyo namba ya kiwandani ni rejea nzuri ila si mizani. Na kama gari lako ni la Kimarekani la kabla ya 1972, kumbuka kwamba enzi hiyo injini ilipimwa ikiwa tupu, bila vifaa vya kuning'inia wala bomba la moshi la gari lenyewe. Usitegemee kuikuta namba ile kwenye rola.

Dalili: daino mbili, namba mbili

Daino ya inesha (ukinzani wa kitu kizito kinapoongezewa kasi) ina rola nzito yenye uzito unaojulikana. Haina breki, hupima jinsi rola inavyoongeza kasi, kisha hukokotoa nguvu. Daino yenye breki ya sumaku huikaba rola na kupima msukumo kwa sensa ya mzigo, na mwendeshaji huchagua gari lipande mizunguko kwa haraka kiasi gani. Daino ya habu hufungwa mahali pa magurudumu, hivyo tairi halihusiki kabisa. Mashine tatu, maswali matatu tofauti kwa injini moja.

Angalia yanayotokea. Ukifunga rimu nzito kwenye daino ya inesha, namba inashuka ingawa injini haijui lolote kuhusu rimu, kwa sababu sehemu ya nguvu imetumika kuziongezea kasi rimu zenyewe. Vivyo hivyo ukipima gari kwa gia ya 3 badala ya ile iliyo karibu na uwiano wa 1:1: mizunguko inapanda haraka, inesha ya ndani inakula zaidi, karatasi inasoma chini. Injini ya turbo kwenye rola nyepesi inaweza kumaliza raundi kabla turbo haijajaa vizuri, na torki (msukumo wa kuzungusha) itaonekana kuchelewa. Gari hilohilo kwenye breki ya sumaku iliyowekwa polepole litajaza turbo mapema, lakini pia litapata joto kali zaidi.

Kwa hiyo usitafute daino "ya kweli". Tafuta moja iliyo karibu na inayotunzwa vizuri, ukae nayo. Thamani yake iko kwenye kulinganisha kabla na baada, gia ileile, upepo uleule kwenye tairi, mikanda inayolifunga gari kwenye daino ikiwa imekazwa vilevile.

Dalili: gari la turbo, gereji iko mwinukoni, namba ni kubwa ya kutisha

Hili linastahili muda wako kwa sababu linadanganya kwa upande unaopendeza, na watu hawachunguzi habari njema.

Mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, shinikizo la hewa ni takriban hektopaskali 825. Ukiingiza hiyo kwenye fomula ya SAE, ambayo ni 1.18 mara 990 gawanya kwa shinikizo, mara kipeuo cha pili cha uwiano wa joto, toa 0.18, basi kwa nyuzi 25 unapata kizidisho cha karibu 1.24. Kwa injini isiyo na turbo ni makadirio ya haki, kwa sababu kweli imenyimwa hewa kwa kiwango hicho. Lakini kompyuta nyingi za injini za turbo hulenga shinikizo kamili ndani ya manifoldi (bomba linalogawia silinda hewa). Hewa ya nje ikiwa nyepesi, kompyuta hufunga westgeti (vali inayopitisha moshi kando ya turbo) zaidi, turbo huzunguka kwa kasi zaidi, na pengo kubwa linazibwa. Injini ilikuwa imeshajilipa, kisha programu inailipa mara ya pili. Farasi 300 waliopimwa wanageuka kama 372 kwenye karatasi.

Omba namba ghafi isiyorekebishwa iwekwe kando ya ile iliyorekebishwa. Kanuni ya kimataifa ya ECE R85 hukubali kizidisho cha kati ya 0.93 na 1.07 tu, nje ya hapo kipimo hakihesabiki. Ukiona 1.24, ujue uko mbali na eneo ambalo fomula ilitengenezewa.

Kizidisho kikubwa kinaweza pia kutokea pwani kabisa. Sensa ya joto ya daino ikiwekwa karibu na bomba la moshi au juu ya injini, itaiambia programu kwamba chumba kina nyuzi 50, nayo itaongeza namba kwa huruma. Ifuate sensa hiyo kwa macho ukiwa gereji. Ni jambo la dakika moja.

Bado huamini namba kubwa? Ipime kwa mafuta. Injini ya petroli yenye turbo hutumia takriban gramu 270 za mafuta kwa kila farasi kwa saa. Chukua injekta (vinyunyizio vya mafuta) nne za sentimita za ujazo 550 kwa dakika, kwenye shinikizo lao la kawaida, zikifunguka asilimia 85 ya muda: hizo ni sentimita za ujazo 1,870 kwa dakika, karibu kilo 83 kwa saa. Gawanya, unapata farasi wapatao 300 kwenye kranki. Karatasi ikidai 420 magurudumuni na injekta ni hizo, shinikizo la mafuta halijapandishwa, basi karatasi ndiyo inayotakiwa kujieleza.

Njia nyingine ni uwanja wa mbio za robo maili. Kasi ya kuvuka mstari hufuata nguvu na uzito, hata dereva akiondoka vibaya. Gari la kilo 1,500 pamoja na dereva likivuka kwa kilomita 177 kwa saa lina takriban hp 340 za injini. Uwanja hauna kitufe cha marekebisho.

Dalili: kila raundi namba inashuka

Joto. Nasema hivyo kabla ya kitu kingine chochote kwa sababu mara nyingi ndilo, na kulithibitisha ni rahisi. Rekodi joto la hewa inayoingia kwenye injini mwanzoni na mwishoni mwa kila raundi. Likianza nyuzi 35, kisha 48, kisha 60, hewa imepoteza karibu asilimia 8 ya uzito wake, na juu ya hapo kompyuta imeanza kurudisha nyuma muda wa cheche ili kuilinda injini. Barabarani intakula ingekuwa inapigwa na upepo wa kilomita 150 kwa saa. Feni ya gereji haifiki huko.

Tazama feni imeelekezwa wapi. Subaru WRX nyingi zina intakula juu ya injini, inayolishwa na tundu la boneti. Feni iliyowekwa chini mbele ya rediata inaipoza rediata tu, intakula inaendelea kuiva. Gari la injini ya nyuma lina shida kama hiyo kwa namna yake.

Jaribio: boneti wazi, feni inawaka, subiri dakika 10 hadi 15, rudia raundi moja. Namba ikirudi, ni joto, na jibu ni feni bora au mapumziko marefu zaidi. Isiporudi, tazama kama sensa ya kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda) imeifanya kompyuta iirudishe nyuma cheche. Kompyuta nyingine zikishasikia kugonga hukumbuka, na zinaendelea kujihadhari hata injini ikipoa. Mafuta ya okteni ndogo kuliko ramani (mpangilio wa kompyuta ya injini) inavyotaka huleta picha hiyohiyo.

Namba ikipanda kati ya raundi ya kwanza na ya pili, usihangaike. Mafuta ya giaboksi na difu yamepata moto. Itupe raundi ya kwanza.

Dalili: nguvu ni ya kawaida, torki ni ya ajabu

Daino ya rola inaijua nguvu bila kujua injini inazunguka mara ngapi: msukumo mara kasi ya rola, basi. Torki ya injini ndiyo inayohitaji mizunguko ya injini, kwa kuwa hupatikana kwa kugawa. Hivyo mizunguko ikisomwa vibaya, nguvu inabaki sahihi na torki inaharibika. Hapo usiguse injini.

Chanzo ninachokutana nacho zaidi ni kibano cha kusomea cheche. Kwenye mfumo ambao koili moja hupiga plagi mbili kwa pamoja, plagi hupata cheche mara mbili pale ilipohitaji moja. Programu ikisahaulishwa hilo, mizunguko inasomeka mara mbili na torki inakuwa nusu. Kinyume chake, ukiona torki ya Nm 1,500 kwenye gari la injini ya lita 2, umeletewa torki ya gurudumu au habu, iliyokuzwa na gia. Igawe kwa uwiano wa gia na difu.

Kipimo cha haraka: nguvu kwa hp na torki kwa futi-pauni, zikichorwa kwa skeli moja, lazima zikutane kwenye mizunguko 5,252 kwa dakika. Hii ni hesabu tupu, haijali injini ni ya nani. Zisipokutana hapo, kagua mizunguko au skeli. Kwa kilowati na Nm kigawanyo ni 9,549, kwa hiyo usitafute makutano kwenye 5,252.

Dalili: mstari una meno au mawimbi

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, tena na watu wenye ujuzi. Omba mstari usiolainishwa, kisha jiulize kama meno hayo ni ya injini au ya kuteleza.

Gari likiwa kwenye gia moja, mizunguko ya injini ukigawa kwa kasi ya rola ni namba isiyobadilika. Mizunguko 3,000 ikitoa kilomita 90 kwa saa, uwiano ni 33.3, na kwenye 6,000 lazima uone karibu 180. Ukiona 171, uwiano umepanda hadi 35.1. Kuna kitu kinateleza kwa asilimia 5, na si injini. Tairi lolote hutambaa kidogo likibeba msukumo, kwa hiyo asilimia moja au mbili zisikushtue. Ukiuona unaruka ghafla kwenye kilele cha torki, chunguza.

Klachi na tairi hutoa dalili ileile, hivyo zitenganishe. Ongeza uzito juu ya ekseli au badilisha mvuto wa mikanda: dalili ikihama au ikipungua, ni tairi. Isipobadilika, na ikawa mbaya zaidi kwenye gia ya juu huku harufu ya kuungua ikija, ni klachi. Gari la otomatiki lina mshukiwa wa tatu, konveta ya torki (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi) isiyojifunga. Usikimbilie kukaza mikanda hadi mwisho pia. Tairi lililobanwa mno hubonyea, hupata moto na kula nguvu, na umetibu kosa moja kwa kuzaa jingine.

Uwiano ukiwa umetulia na meno bado yapo, sasa ni injini, na mara nyingi ni cheche. Hewa ikishindiliwa zaidi ndani ya silinda, cheche inahitaji volti kubwa zaidi kuruka pengo la plagi. Pengo la milimita 1.1 lililotosha gari la kawaida linashindwa shinikizo la turbo likipanda. Punguza hadi kati ya 0.6 na 0.8, rudia raundi. Meno yakitoweka umemaliza. Yasipotoweka, fuata koili na umeme unaozifikia.

Na sasa jambo ambalo natamani kila mtu anayeshika kompyuta ya injini alijue. Silinda isipowaka, oksijeni yake haikuungua, inatoka nzima hadi kwenye sensa ya lambda (kipimo cha uwiano wa hewa na mafuta; chini ya 1 mafuta ni mengi). Sensa hupima oksijeni, kwa hiyo itasema mchanganyiko una mafuta kidogo. Fundi anaongeza mafuta. Plagi inalowa zaidi, silinda inakosa kuwaka zaidi, lambda inapanda tena, anaongeza tena. Injini ya turbo yenye afya kwa mzigo kamili hukaa karibu na lambda 0.80 hadi 0.85, ukiona inaruka hadi 0.95 kwa meno mafupi yanayofuatana na meno ya nguvu, shughulikia cheche kwanza. Lambda ikipanda polepole, laini, kuelekea mizunguko ya juu, hiyo ni habari nyingine kabisa, na ni ya hatari.

Dalili: nguvu inaanguka mizunguko ya juu

Lambda ikipanda polepole wakati turbo inasukuma, achia kanyagio la mafuta mara moja. Usimalize raundi ili uone namba. Pistoni huyeyuka kwa sekunde.

Kisha pima shinikizo la mafuta kwenye reli, bomba linalolisha injekta. Kwa mfumo wenye kidhibiti kinachofuata manifoldi, shinikizo la reli hupanda sawasawa na la turbo: baa 3 za msingi, ukiwa na baa 1.5 za turbo, zitakuwa 4.5. Zikiishia 3.9, injekta hazipati msukumo zinaohitaji. Washukiwa ni pampu, chujio lililoziba, au waya mwembamba unaoipa pampu volti 11 badala ya 13.5. Waya ndio watu husahau. Reli ikiwa sawa, tazama injekta. Zikifunguka zaidi ya asilimia 90 ya muda, zimefika mwisho wao.

Mafuta yakiwa salama, tazama turbo. Shinikizo lake likishuka huku kompyuta ikiwa imeishafunga westgeti kadiri iwezavyo, ama turbo ni ndogo kwa kazi hiyo ama kuna bomba linavuja. Jaza mfumo hewa au moshi injini ikiwa imezimwa, usikilize. Klipu iliyolegea hutoa mlio wake dhahiri. Shinikizo likibaki imara lakini nguvu inashuka, injini inashindwa kutoa moshi au kuvuta hewa: kamshafti (shafti zinazofungua vali) za kawaida zilizofika kikomo, kichujio cha moshi kilichoziba, springi za vali zilizochoka.

Dalili: nguvu inakatika ghafla, au inabonyea katikati

Linganisha mguu wako kwenye kanyagio na kipepeo, vali inayoingizia injini hewa. Kompyuta za kisasa zina kikomo cha torki, na zikiona kimezidi hufunga kipepeo cha hewa wakati wewe umekanyaga mwisho. Rekodi ikionyesha kanyagio 100 na kipepeo 62, umepata jibu: ramani haijamaliziwa. Taa ya kudhibiti utelezi ikiwaka kwenye daino inayozungusha ekseli moja, kompyuta inadhani magurudumu mawili yanateleza. Izime kwa utaratibu wa gari lako. Gari la magurudumu manne lisipimwe kwenye rola za ekseli moja isipokuwa mfumo wake umetenganishwa ipasavyo, na kwenye rola nne hakikisha za mbele na nyuma zinakwenda kasi moja.

Bonde laini linalotokea mahali palepale kila raundi, kipepeo kikiwa wazi, mara nyingi ni mahali kamshafti inapobadili hali. Sogeza mizunguko ya kubadilishia hadi mistari miwili ikutane.

Dalili: umefunga kifaa na namba haikusogea

Hata daino nzuri, gari lilelile, siku ileile, hutofautiana asilimia 1 hadi 2 kati ya raundi. Kwenye farasi 300 hizo ni 3 hadi 6. Chujio la hewa linalodaiwa kuongeza 5 haliwezi kuonekana kwa raundi moja kabla na moja baada. Fanya tatu, kifunge, fanya tatu, utazame wastani na mstari mzima. Kumbuka pia kile kikomo cha torki: kompyuta inaweza kuwa imekipokea kifaa chako na kuirudisha faida yote kwa kufungua westgeti.

Dalili: karatasi imependeza, barabarani gari limekuwa zito

Umenunua kilele. Ukibadilisha gia kwenye 7,000, mizunguko inaangukia pengine 5,000, na gari linaishi kati ya hapo. Weka grafu ya zamani na mpya pamoja, uzibe kila kitu nje ya eneo hilo kwa mkono. Turbo kubwa iliyoongeza farasi 30 kwenye 6,800 na kupunguza 45 kwenye 5,000 imekufanya uwe mpole kila baada ya gia. Turbo ndogo kidogo, au kuchelewesha kubadilisha gia kama injini inaruhusu, itakurudishia gari lako.

Ukirudi kwenye daino, nenda na tenki la mafuta yaleyale, upepo wa tairi uliouandika mara iliyopita, na kumbukumbu ya gia. Omba faili ghafi la kila raundi, zikiwemo zilizoharibika, pamoja na rekodi ya kompyuta ya gari: mizunguko, kasi, joto la hewa, shinikizo la turbo na la reli, lambda, cheche, kanyagio na kipepeo. Picha ya kilele uliyopiga kwa simu haiwezi kugawanywa mizunguko kwa kasi.